Mawe ya kale ndani ya makanisa ya Ulaya: msalaba ung'olewe au uachwe?

Wakuu, leo naleta mada ya Ulaya mnivumilie. Kule Hispania, Ureno na Ufaransa kuna makaburi yaliyojengwa maelfu ya miaka kabla ya Yesu, mawe makubwa yanasimamishwa alafu juu linalazwa jiwe bapa zito ndo paa, wataalamu wanaita dolmeni. Baadhi yake Wakristo walikuja wakayafanya makanisa. Wapo wanaosema huo ni uporaji, misalaba itolewe mawe yarudi kama yalivyokuwa. Mi nasema kanisa ndo limeyaokoa.

Chukua Cangas de Onís, Hispania, mfalme Favila alijenga kanisa la Santa Cruz mwaka 737 juu ya dolmeni kabisa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe 1936 likabomolewa, likajengwa tena, na leo ukiingia kuna uwazi kwenye sakafu unachungulia mawe yenyewe kule chini. Pavia, Ureno, ndo kiboko, dolmeni yenyewe imekuwa kanisa dogo la Mtakatifu Dinis, mlango umewekwa na altare ipo ndani, na liko katikati ya mji! Bila huyo mtakatifu hayo mawe si yangeshakuwa msingi wa nyumba ya mtu?

MCHOKOZI: Mkuu unapamba. Mwaka 601 Papa Gregori wa Kwanza alimwandikia mmisionari Mellitus aliyekuwa anaelekea Uingereza kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe, zivunjwe sanamu tu, yanyunyiziwe maji ya baraka, zijengwe altare, ili watu waendelee kuja pale walipozoea. Huo ni uhifadhi au ni mtego? Na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Toledo, Hispania, 681 ukawalaani wanaoabudu mawe. Alafu nenda Saint-Uzec, mkoa wa Brittany huko Ufaransa, jiwe la kusimama refu kuliko nyumba, mwaka 1674 wakalichonga jua, mwezi, jogoo, nyundo na misumari ya mateso ya Yesu, juu kabisa wakaweka msalaba. Kama palikuwa na alama za wenyewe wa kwanza ndo zimeenda hivyo.

Mleta mada: Mtego sawa, ila uliofanya mawe yabaki, nia yao mi hainihusu sana. Na Saint-Uzec ukikwangua hilo jogoo la 1674 unapata nini, jiwe lenye makovu tu, umeharibu mara ya pili.

BI TANGA: Kaka zangu mnavutana bure. Kuna kanisa la Sept-Saints, yani Watakatifu Saba, kijiji cha Le Vieux-Marché hukohuko Brittany, limejengwa mwanzoni mwa karne ya 18 na dolmeni ipo chini ya ubavu mmoja, unaingilia kamlango ka nje. Hao watakatifu saba ni wale vijana wa Efeso waliolala pangoni, yani Watu wa Pangoni tunaowasoma kwenye Suratul Kahf! Mwaka 1954 Louis Massignon, Mkatoliki Mfaransa aliyebobea kwenye masomo ya Uislamu, akaanza kualika Waislamu kwenye hija yao ya Julai, na mpaka leo wanakuja, Qur'ani inasomwa pale kwenye chemchemi. Sasa mkishang'oa kanisa, hilo kaburi mnamkabidhi nani? Waliolijenga hata jina lao hatulijui, wanaolitembelea kila mwaka wapo.

MCHOKOZI: Dada, wakabidhiwe makumbusho.

BI TANGA: Likae pale wazi, tiketi mlangoni, hija hakuna? Hapana kaka.