Akivuka ziwa, haki yake inabaki ng'ambo?

Mwanzisha mada: Wakuu, tujadili bila matusi. Mwanamke wa Fizi, Kivu Kusini, kabakwa na wenye silaha na ana mimba ya miezi minne. Itifaki ya Maputo ya 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ibara ya 14, inataka aliyebakwa aruhusiwe kutolewa mimba kitabibu. Kongo iliichapisha kwenye gazeti lake rasmi mwaka 2018, ikawa sheria huko. Mwanamke huyo apande boti avuke Ziwa Tanganyika, ashukie Kigoma, apelekwe kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tanzania nayo iliridhia itifaki hiyo, 2007, ila Kanuni ya Adhabu yetu inamtazama mama aliye hatarini kufa, ubakaji haitaji. Mimi nasema asipokonywe huku alichopewa kwao.

Mchangiaji: Mgeni hufuata sheria ya mwenyeji, mkuu. Umpe yeye, halafu binti wa kwetu Kasulu aliyebakwa umwambie nini? Na kilichomo tumboni hakikushika bunduki.

Mwanzisha mada: Hapo kwa binti wa Kasulu umenibana. Basi wapewe wote wawili.

Mkunga: Nimefanya kazi kambini, sitaitaja ipi. Nyie mnabishania mimba ya mwezi wa nne, mimi nalilia siku za mwanzo. Dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho siku 5, na kila ukichelewa nguvu inapungua. Mama kajificha porini wiki nzima, akifika anapanga foleni na wenye malaria, na kijana anayeandika majina pale mezani ni mtoto wa shemeji yake! Akiulizwa anaumwa nini, anajibu "tumbo". Anaondoka na dawa ya minyoo. Akijikaza akasema ukweli, kuna wanaomrudisha kwanza akachukue PF3, ile fomu ya matibabu, polisi, kana kwamba virusi vinasubiri karatasi.

Mchangiaji: Dada, hivyo vya siku 5 sina ugomvi navyo, na huyo kijana atolewe mezani hata leo. Lakini mwenye mimba ya miezi minne hujamjibia.

Mkunga: Huyo naye namjua, kaka. Ukimnyima anaondoka kimya, hagombi. Baada ya siku kadhaa wanamleta usiku kwa machela, khanga zimelowa damu, ameshakunywa mizizi aliyouziwa sokoni. Saa hiyo maisha yake yako hatarini, na sheria inaniruhusu kumhudumia.