Vifuniko vya ringi vya Morris Minor: kusafisha, kupiga kromu upya au kupaka rangi?

MwanaMwera
Assalaam alaykum. Gari langu ni Morris Minor ya 1959, vifuniko vinne vya asili vyenye herufi M. Vitatu vina vitone vya kutu, cha nne kimebonyea na kromu inabanduka. Nisafishe tu, nipige kromu upya, au nipake rangi ya fedha?

FundiMikunguni
Wa alaykum salaam. Usiviamulie vyote hukumu moja. Pitisha ukucha juu ya kutu: ukiteleza, kutu iko juu tu na kinasafishika. Ukikwama kwenye shimo, chuma kimeshaliwa, hata usugue vipi hakirudi.

Osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vya pwani havifai. Kunja kipande cha foili ya jikoni, kichovye majini, sugua polepole. Foili ni laini kuliko kromu, haiichubui. Kausha mpaka ndani ya mkunjo wa ukingo, kisha paka nta mara mbili.

Wete_Klasiki
Niongeze: msiloweke kwenye siki usiku kucha. Inapenya vitobo vya kromu na kula chuma chini yake, kisha kutu inachomoza upya. Asidi ya hidrokloriki, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vyoo, ni mbaya zaidi, maana inayeyusha kromu yenyewe.

BatiNaRangi
Hicho cha nne ni cha kromu upya, lakini utaratibu una maana. Kromu ya zamani itolewe kwanza, ndipo kinyooshwe. Ukigonga juu yake inapasuka. Gonga kwa ndani, nyundo ya mbao, chini mfuko wa mchanga, ukianzia pembeni mwa bonyeo kuelekea katikati.

Kabla ya kulipa, muulize fundi anapaka tabaka gani. Jibu unalolitaka ni shaba, nikeli, kromu. Shaba hujaza mikwaruzo na kusuguliwa. Nikeli ndiyo inayozuia kutu. Kromu ya juu ni nyembamba mno, haiwezi kazi hiyo peke yake, na kwa hewa yetu ya bahari nikeli ya kubania haifiki mbali. Mwambie pia asiisugue sana M, kingo zake zikilainika hazirudi.

MwanaMwera
Na rangi?

FundiMikunguni
Kwa mbele, hapana. Rangi ya fedha haitoi mng'aro wa kioo, na juu ya kromu nyororo inabambuka usipokwaruza kwa msasa, yaani unaiharibu kromu nzima kwa faida ndogo. Rangi iweke mgongoni, kutu nyingi huanzia huko: brashi ya waya, praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi nyembamba. Pale kifuniko kinapobana kwenye ringi usirundike rangi, kitakataa kukaa.

Wete_Klasiki
Kukitoa, funga bisibisi bapa kitambaa, inua kidogo kidogo ukizunguka. Ukibinua sehemu moja kwa nguvu, ukingo unakunjika. Kukirudisha, tumia kiganja au nyundo ya mpira, ukipiga ukingoni, kamwe si katikati.