Kinga ya mwili inamshambulia dada yangu, sasa mbona wanampa dawa ya kuishusha?

Mtu_wa_Mwanga: Wakuu habari za jioni, naombeni mnieleweshe maana nimechanganyikiwa. Dada yangu yuko Ujiji, miaka 34, toka mwaka jana vidole vinamkakamaa asubuhi mpaka saa nne ndo anaweza kukamua nguo. Tumezunguka mara taifodi, mara UTI, mara karogwa, mwisho daktari mmoja kasema ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Kaandikiwa methotreksati na foliki asidi. Sasa kinga si ndo inatulinda jamani? Mbona wanaishusha? Na kabla ya dawa walimpiga picha ya kifua, wakauliza kama nyumbani kuna aliyewahi kuugua TB, TB na vidole wapi na wapi? Toka juzi mdomoni kajaa vidonda hata ugali wa muhogo na mgebuka hali, mi naona ndo kinga imeshashuka hivyo. Jirani anauza dawa ya maji ya kuongeza kinga, elfu 45 chupa, ninunue?

Mzee_Kazuramimba: Mlonge na tangawizi kijana, asubuhi na jioni. Hiyo elfu 45 nunua mawese.

Nyuki_wa_Tabora: Mzee umenichekesha ila hapana. Mi niko maabara huku Tabora, ngoja nimweleze kinyamwezi. Chukulia kinga ni sungusungu. Mwizi akiingia filimbi inalia wanatoka na marungu, safi kabisa. Sasa siku moja wanamkosea mtu, wanaona mwenye nyumba kafanana na mwizi, wanamvunja vidole mlangoni kwake, na kesho wanarudi, na kesho kutwa wanarudi. Ndo ugonjwa wa dada yako huo. Ukiwanunulia marungu mengine utakuwa umemsaidia nani? Na mwilini wapo wa kuwatuliza, kuna chembe za kinga kazi yake ni kuwazuia wenzake tu, Sakaguchi wa Japani alizionyesha 1995 wengi hawakuamini, 2025 ndo wakampa Nobeli ya tiba pamoja na Brunkow na Ramsdell. Baridi yabisi ni pale watulizaji wamezidiwa.

Kuhusu TB, karibu robo ya watu duniani wana vijidudu vyake vimelala na hawaumwi, kinga haikuviua, imevizungushia ukuta tu inakaa zamu miaka na miaka. Ukiishusha ukuta unalegea vinatoka, ndo maana mwenye ukimwi TB inamwahi. Daktari aliyekagua kifua kwanza anajua kazi yake.

Mvuvi_Katonga: Naongezea la huku ziwani. Baba mdogo alitapika damu nusu beseni, tukajua kidonda cha tumbo, kumbe kichocho cha utotoni. Mnyoo mwenyewe anajipaka protini za damu yako anaonekana mwenyeji, kinga haimgusi, anaishi miaka. Ila mayai yake yakikwama kwenye ini kinga inayavamia, kila yai inalifungia fundo, mafundo yakizidi ini linajaa makovu damu haipiti, inatafuta njia kwenye koo inapasua. Daktari akasema ini halijaliwa na mnyoo, limeharibiwa na mapambano. Prazikwanteli ilimaliza minyoo, makovu yakabaki. Toka siku hiyo nikisikia mtu anasema kuongeza kinga nauliza inaenda kupigana na nani.

Nesi_Mstaafu_Gungu: Wanangu hayo mengine baadaye, hivyo vidonda vya mdomoni vimenishtua. Methotreksati ya baridi yabisi inamezwa MARA MOJA KWA WIKI, siku moja mnaichagua basi. Dada anameza lini?

Mtu_wa_Mwanga: Shikamoo mama. Nimempigia sasa hivi. Kila asubuhi na chai, bahasha ya duka la dawa imeandikwa 1x1, yaani kimoja mara moja kwa siku. Leo siku ya nane.

Nesi_Mstaafu_Gungu: Marahaba. Asimeze tena hata kimoja. Hospitali usiku huu huu sio kesho, beba bahasha na cheti cha daktari, ukifika sema kwanza kabisa "kameza kila siku, siku nane" usianze na habari za vidole. Wapime damu yote, figo na ini. Hii dawa ikizidi inazuia chembe mpya kutengenezwa, mdomoni panaonekana mapema sababu pale ngozi inajibadilisha haraka haraka, kibaya zaidi kiko kwenye uboho inakotengenezwa damu. Ana homa?

Mtu_wa_Mwanga: Toka mchana anasema. Niko kwenye bajaji nampitia.

Mzee_Kazuramimba: Mlonge acha kwanza kijana. Wahi.

Nyuki_wa_Tabora: Mrejesho mkuu tafadhali, hatulali huku.

Mtu_wa_Mwanga: Mrejesho, saa kumi alfajiri. Kalazwa. Damu nyeupe zimeshuka sana, wamemchoma dawa ya kupooza makali ya methotreksati na watarudia kila masaa sita, antibayotiki zinapita kwa dripu. Daktari wa zamu kaikunja ile bahasha kaitia kwenye faili. Kanywa uji vijiko vitatu. Jirani kapiga tena, chupa imeshuka elfu 40.