Idi ya mwakani: Maskati au Istanbul?

Mlandizi77: Wakuu, salaam. Idi ya mwakani nataka tukaile nje na familia. Hapa Dar kila mwaka ni pilau, foleni ya Coco Beach na kulala. Nimebakiwa na Maskati au Istanbul. Wapi kunanoga? Nakata tiketi wiki hii.

BintiMjini: Idi ipi, Fitri au ya Hajj? Mko wangapi? Watoto wadogo au wakubwa? Bajeti? Unakwenda kwa fundi bila kipimo, unataka akushonee kanzu.

BabaSwaumu: Maskati, funga mjadala. Pita Seeb, hapo hapo Maskati, utoe salamu kwa Kiswahili uone kama hujajibiwa. Na shuwa je? Nyama inapakwa viungo, inafungwa kwenye majani, inafukiwa kwenye shimo la makaa kutwa kucha. Ikifukuliwa, mfupa unachomoka wenyewe. Wahi na habta, yale masoko ya kabla ya Idi: wanunuzi wamekaa duara, mbuzi wanazungushwa katikati, bei zinapigiwa kelele.

Kibao_cha_Mbuzi: Shuwa iko majumbani, baba. Mwenzetu ana ndugu kule? Kama hana, Idi ataila na kiyoyozi cha hoteli.

TausiK: Mimi ya Istanbul nimeila, sikilizeni. Wakala wetu (simtaji) alitunadia "Idi na manunuzi". Asubuhi tukaswali Süleymaniye, hapo sina neno, takbira zinakupanda hadi kwenye vidole. Kutoka hapo moja kwa moja Grand Bazaar. Milango imefungwa! Soko zima hufungwa sikukuu, na wenyeji kibao wamekwenda kwao mikoani. Kumpigia wakala, simu inaita tu. Mume wangu yuko na kanzu na kofia ya kiua, baridi ya Machi inampiga, anatetemeka kama kuku wa mvua, wenyewe wamevaa makoti yao wanamtazama. Jioni tukala mkate wa ufuta wa barabarani. Walionufaika ni wanangu: kijana wa mapokezi aliwafundisha kumbusu mzee mkono kisha kuugusisha kwenye paji la uso. Wakarudi chumbani mifuko imejaa pipi.

BintiMjini: Pole shoga, ila kosa ni la wakala, si la Istanbul.

Hilali_7: Kabla ya tiketi, fikirieni mwezi. Uturuki wanapiga hesabu, tarehe inajulikana mapema kabisa. Oman wanautafuta kwa macho. Mwaka 2025 Uturuki waliswali Jumapili tarehe 30 Machi, Oman Jumatatu tarehe 31. Usikate tiketi ya kubana.

Kibao_cha_Mbuzi: Mwezi mmoja, Idi mbili. Kwani wakiutangaza kwa wenzao...

BabaSwaumu: Usitufungulie hilo hapa, tutakesha.

Mlandizi77: Samahani, nilikuwa kazini. Ni Fitri. Tuko sita, na mama mkwe yumo. Mbuzi hagusi.

BintiMjini: Mama mkwe! Na hilo ulikuwa unalificha? Anapanda ngazi? Istanbul ni vilima vitupu.

BabaSwaumu: Mbuzi aache, kuna halua. Ya Oman ina zafarani na marashi ya waridi, haina mpinzani.

Hilali_7: Basi ya Pemba hujaila.

BabaSwaumu: Nimeila, inanata kwenye meno.

TausiK: Inayonata ndiyo halua. Hiyo nyingine ni uji wa sukari.