Tupeane uzoefu: uliyehamia pembezoni mwa mji, pori lilipoisha kilikukuta nini?

Mzee wa Kona: Jana greda limemaliza kipande cha mwisho cha pori nyuma ya kwangu, komba wamelia usiku kucha kwenye mti mmoja uliobaki. Nikasema niulize wenzangu.

MamaPacha: Kwetu ni maji. Nyuma palikuwa na bonde la matete, mvua ikinyesha linajaa, linashuka taratibu, hata habari nalo hatuna. Wakaja watu wakamwaga kifusi wakapima viwanja, na kila mtu kasakafia ua mpaka ukutani, jani halioti. Basi siku hiyo usiku nasikia kitu kinagonga jikoni nikajua mwizi, nashusha mguu kitandani maji ya magoti, kumbe friji linaelea jamani, mlango haufunguki maji ya nje yanausukuma, baba watoto akang'oa nondo za dirisha tukawapitisha watoto hapo wamelowa wanalia. Asubuhi maji yamekauka kote isipokuwa kwangu, ukuta wa jirani umekaa palepale yalipokuwa yanatokea.

Kifusi Tena: Kwetu hivyohivyo.

Fundi Bomba: Ununue bonde halafu ulaumu mvua?

MamaPacha: Soma vizuri wewe, bonde lilikuwa NYUMA, mimi niko juu yake.

Fundi Bomba: Haya yaishe.

Dogo Janja: Nyie maji, mimi chatu. Baipasi ilipopasua msitu katikati tukaanza kusikia kitu kinajiburuza darini, paka wakawa wanapotea. Fundi wa dishi akapanda na tochi. Alishuka bila kutumia ngazi.

Kifusi Tena: 😂😂 bila ngazi

Shangazi Mkali: Mwaga mafuta ya taa kuzunguka nyumba.

Bwana Shamba: Mafuta ya taa hayazuii nyoka, yanaua bustani tu. Ziba matundu ya dari, fyeka majani.

Shangazi Mkali: Mkifyeka kila kitu ndiyo wanahamia ndani!

Msoma Ramani: Watu wanahesabu ekari zilizobaki wakati shida ni vipande. Msitu mmoja mkubwa na vipande kumi vidogo si sawa hata ekari zikilingana, kwenye kipande jua na upepo vinaingia kila upande na mnyama hana pa kuvukia. Los Angeles, Marekani, kulikuwa na puma, yule paka mkubwa wa porini, walimwita P-22, alivuka barabara kuu mbili, 405 na 101, akafika Griffith Park akakwama humo toka 2012 mpaka 2022, jike hakuna. Mwaka huohuo wakaanza kujenga daraja la wanyama juu ya 101.

Dogo Janja: Miaka kumi bachela, pole yake.

Bwana Shamba: Dawa ni mji kuwekewa mpaka. London wana ukanda wa kijani, eneo la kuzunguka mji linalozuiwa kujengwa, sheria yake ya 1938, Seoul nao wakaweka 1971.

Fundi Bomba: Watu wanauruka huo ukanda wanajenga mbele yake, foleni ya kwenda kazini inazidi urefu. Na ndani ya mpaka kodi inapanda, sisi tukalale wapi?

Shangazi Mkali: Jamani chatu aliishia wapi??

Dogo Janja: Watu wa wanyamapori walimbeba wakamwachia kipande cha msitu ng'ambo ya baipasi. Dari imeanza tena.

Kifusi Tena: Uza nyumba.

Dogo Janja: Nani atanunua?

Mzee wa Kona: Andika kwenye tangazo "mazingira ya asili, tulivu".