Kukagua nyuki wakati wa theluji bila kufungua mzinga: sikio, kamera ya joto au mizani?

MwanaIringa (Minnesota): Wafugaji, salaam. Nina mizinga miwili ya Langstroth (ile ya masanduku yenye fremu) nyuma ya nyumba, na hii ndiyo theluji yangu ya kwanza nikiwa nayo. Leo asubuhi nyuzi 18 chini ya sifuri. Kufungua najua ni kuwaua, ila moyo hautulii. Niweke sikio, ninunue kamera ya joto ya kuchomeka kwenye simu, au mizani?

BabaAsali (Ontario): Anza na sikio, ni bure. Gonga ubavuni kwa kidole mara moja tu. Walio hai watavuma vuuu, kisha watanyamaza. Mimi natumia stetoskopu, maana sikio tupu kwenye mbao ya baridi hiyo utaliacha hapohapo. Usigonge kila siku. Ukiwashtua wanakula asali bure.

Kijana_Leeds: Kamera ninayo. Inaonyesha doa la joto walipo, na likiwa limepanda hadi chini ya kifuniko, huenda asali ya chini imekwisha. Piga kabla ya jua kuchomoza, la sivyo utapima joto la jua kwenye mbao. Mzinga wangu wa povu, unaozuia joto lisitoke, haukuonyesha kitu, nikauandikia buriani. Machi wakatoka wazima kabisa.

Nyuki_Njombe: Jamani, nyuki kwenye theluji? Huku Julai sakitu ikianguka tu nalalamika. Wanalala?

BabaAsali: Hawalali. Wanajikusanya kama mpira, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya mbawa kupata joto.

MamaMizinga (Bremen): Nyote mnauliza kama wapo hai. Mimi nauliza watakula nini. Malkia akianza tena kutaga, mwisho wa baridi, katikati ya kundi lazima pafike nyuzi 34 au 35, na hapo asali inakwisha mbele ya macho yako. Wengi hufa kwa njaa wakati huo, si Desemba. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia begi la safari. Nyanyua upande mmoja mpaka mzinga uachane kidogo na kitako, soma. Kisha upande wa pili, jumlisha. Rudia kila wiki mbili. Namba yenyewe si kitu, angalia inavyoshuka. Ukiwa mwepesi, weka sukari ngumu juu ya masega, siku isiyo na baridi kali, haraka.

MwanaIringa: Mizani nimeagiza. Ila leo nimegonga: wa kushoto umevuma, wa kulia kimya. Jana kulikuwa na jua, nyuzi 9 juu ya sifuri. Mbele ya huo wa kulia, juu ya theluji ya juzi, kuna maiti kama kumi na madoa ya njano kila mahali. Ni ugonjwa?

BabaAsali: Theluji ya juzi, madoa ya jana? Wamekwenda choo hao, walijizuia wiki nzima. Acha kugonga.