Naomba ushauri: uzi wa nguvu gani unafaa kwa trauti wa Mto Thego?

KijanaWaKiganjo:
Wakubwa, shikamooni. Navua trauti kwa nzi bandia katika Mto Thego, chini ya Mlima Kenya, nikitumia ndoana namba 14. Mwezi uliopita samaki wawili walinikatia uzi wa mwisho, ule mwembamba unaofungwa ndoana, wenye alama ya 5X. Nikanunua wa 2X, lakini tangu hapo samaki wanapanda, wanamtazama nzi, kisha wanageuka. Nitumie uzi gani?

MzeeWaUfito:
Marahaba, mwanangu. Usianze na kilo, anza na unene. Toa namba ya X katika 11, nawe utapata unene kwa sehemu za elfu za inchi: 5X ni sehemu 6, yaani milimita 0.15, na 2X ni sehemu 9, karibu milimita 0.23. Kisha gawanya namba ya ndoana kwa 3, upate namba ya X inayoifaa. Yako inaangukia karibu na 5X. Uzi mnene ni mgumu, nao humzuia nzi mdogo kuelea kwa uhuru pamoja na mkondo, na naamini mwendo huo wa kuburutwa ndio unaomshtua trauti kuliko unene wenyewe. Mvua ikichafua maji, 4X haina neno.

BintiWaNyeri:
Nakubaliana na mzee, ila kabla ya kuulaumu uzi, kumbuka ncha ilivyokuwa baada ya samaki kuondoka. Ikiwa ilijikunjakunja, uzi haukukatika bali fundo liliteleza. Lilowesheni fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu msuguano mkavu huleta joto linaloidhoofisha nailoni. Uzi wa 5X ukiwa mpya hubeba takriban kilo 2, na trauti niliowahi kuvua Thego hawajafikia nusu ya uzito huo.

MvuviWaMaziwa:
Ukipanda Ziwa Rutundu, kule juu Mlima Kenya, beba 3X kwa ndoana namba 8.

KijanaWaKiganjo:
Asanteni sana. Dada, ncha ninayo bado, na kweli imejikunja. Mzee, 5X niiunganishe vipi na uzi wa juu?

MzeeWaUfito:
Laza nyuzi mbili sambamba zikipitana sentimita 15, fanya kitanzi, pitisha zote mbili ndani yake mara tatu, lowesha, kisha vuta ncha zote nne kwa pamoja, polepole.